CX-5 ya dizeli ya 2014: niichukue au niiache?

Fundi Vyerehani

Wadau, salaam. Naombeni mawazo yenu kabla sijafanya jambo la kujutia.

Mimi ni fundi wa vyerehani. Si wa kushona, ni wa kuvitengeneza. Mashine ikigoma napigiwa simu, nabeba vifaa, naenda. Gari niliyonayo ni saluni ndogo ya chini, imenifaa miaka tisa na sina la kuilaumu, ila mambo mawili yamebadilika. La kwanza ni mgongo wangu. Kichwa cha cherehani ya kiwandani kina kilo 30 hivi, na buti la saluni ni shimo: unainama, unanyoosha mikono, unanyanyua ukiwa umepinda kama ndoana. Ujanani hukuoni. Sasa mgongo umeanza kudai madeni yake.

La pili ni mama. Magoti yamechoka. Kuingia kwenye saluni hakumsumbui, anajiachia tu anadondoka kitini. Shughuli ni kutoka. Mimi namvuta mikono, mke wangu anamsukuma mgongoni, na yeye katikati yetu anacheka mpaka nguvu zinamwishia, tunaanza upya.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta gari iliyoinuka kiasi, lakini si lidude la kuhitaji ngazi. Nimezungukia X-Trail, Forester, RAV4, mwisho moyo umeangukia Mazda CX-5, toleo lile la kwanza lililoanza 2012. Kuna moja inauzwa na mwalimu ninayemfahamu kwa mbali. Ya 2014, dizeli ya lita 2.2, otomatiki, inavuta tairi zote nne, kilomita 98,000. Nyekundu ile iliyoiva. Haijapigwa popote nilipoona, na mimi macho yangu yamezoea kutafuta uzi uliokatika kwenye kitambaa cheusi.

Nilimpeleka mama akaipime. Alifungua mlango, akageuka, akakaa. Basi. Kiti kilikuwa usawa wa nyonga zake, hakushuka wala hakupanda. Akashika mlango, akasimama peke yake, akakaa tena. Mara tatu. Mwalimu akadhani kuna hitilafu kwenye kiti.

Buti nalo limenikonga. Ukingo wake unafika mkandani kwangu, na sakafu yake karibu iko sawa na ukingo, kwa hiyo mashine unaiburuza, huitoi shimoni. Kile kifuniko cha kuficha mizigo kimefungwa kwenye mlango wa nyuma: ukiinua mlango nacho kinapanda, huna haja ya kukivuta kwa mkono wa tatu. Viti vya nyuma vinalala vipande vitatu, na vitasa vya kuvilaza viko humo humo butini. Aliyebuni hivyo amewahi kubeba mzigo.

Na nguvu! Nilikanyaga kidogo tu kwenye mlima, ikanisukuma kitini kama nimeitwa kwa haraka.

Matumizi yangu ni haya. Kwa siku safari tano au sita, kila moja kilomita 3 au 4. Nafika, nazima, nakaa nusu saa au saa nzima, nawasha, naenda kwingine. Safari ndefu ni moja kwa mwezi, kwa dada yangu, kilomita 200 kwenda.

Bei siiweki hapa, tumeshaelewana na mwalimu na ni ya haki. Ninachouliza ni gari yenyewe. Watu wawili wameniambia dizeli hii niiogope. Nikimuuliza wa kwanza kwa nini, anasema aliambiwa na shemeji yake. Wa pili ndiye shemeji. Nataka sababu, jamani.

---

Mzee wa Mteremko

Chukua kaka, unangoja nini. Dizeli hiyo ina torki, yaani nguvu ya kuzungusha, Nm 420, petroli ya 2.0 ina 196. Umeona tofauti? Zaidi ya mara mbili, na inaipata chini kabisa, injini ikiwa kwenye mzunguko wa 2,000 kwa dakika, wakati petroli inabidi uikamue mpaka 4,000. Ukishaendesha dizeli, petroli utaiona kama inaomba ruhusa.

---

Dada Nati

Fundi, Mzee wa Mteremko amesema kweli kuhusu torki. Lakini umeuliza swali lenye jibu ndani yake, na jibu liko kwenye aya ya matumizi. Kilomita 3, unazima. Kilomita 4, unazima. Hapo ndipo pa kuangalia, rangi iache kwanza.

Nieleze taratibu, maana wengi wanaitaja DPF kama jini.

Injini ya dizeli inatoa masizi. Kwenye bomba la moshi pamewekwa chujio la kuyanasa, ndiyo hiyo DPF. Chujio likianza kujaa, kompyuta ya gari inaamua kuyachoma masizi pale pale. Ili yaungue linahitajika joto la nyuzi 600 hivi, na bomba la gari inayokwenda polepole halina joto hilo. Kwa hiyo kompyuta inapuliza dizeli ya ziada ndani ya silinda kwa kuchelewa, pistoni ikiwa tayari inashuka, ili dizeli hiyo itoke na moshi ikaungue mbele na kulipasha moto chujio. Zoezi lote linataka dakika 10 mpaka 20 gari ikiwa inatembea.

Sasa piga hesabu zako. Kilomita 3 ni dakika saba, nane. Injini haijapata moto sawasawa, kuchoma kumeanza, wewe umefika kwa mteja, umezima. Unakuja kuwasha baada ya saa nzima, bomba limepoa, inaanza mwanzo. Unazima tena. Na ile dizeli ya ziada si yote inayokwenda na moshi. Nyingine inagusa kuta za silinda, inateleza kupita ringi, inashuka kwenye oili. Hapo ndipo unapata kioja: oili inaongezeka. Mazda wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ya injini hiyo ina alama ya X juu ya ile F ya kujaa. Oili ikifika X, imwagwe, hata kama kilomita za sevisi hazijatimia.

Haya nayajua kwa ngozi yangu. Nilikuwa na dizeli ya kampuni nyingine kabisa, jina halina maana kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nawapeleka watoto shule kilomita mbili, narudi, naipaki. Taa ya DPF ikawaka, nikaipa jina la "ile taa ya njano" na maisha yakaendelea. Siku moja gari ikajipunguzia nguvu yenyewe, nakanyaga haiendi, mwendesha baiskeli ananipita ananiangalia kwa huruma. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, akamwaga oili, akaweka oili yoyote aliyokuwa nayo kwenye pipa. Hilo ni kosa la pili. Injini yenye DPF inataka oili yenye majivu kidogo, utaona kwenye chupa ACEA C3 au JASO DL-1. Masizi yanaungua, majivu hayaungui. Yakishaingia kwenye chujio yamehamia humo.

Sikwambii usinunue. Nakwambia kabla ya kulipa nenda asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, uchomoe dipstiki. Kisha muulize mwalimu anaishi umbali gani na shule.

---

Kijana wa Garaji

Mnamtisha bure. DPF unaitoboa ndani, unaichomelea tena, kompyuta inaandikwa upya, kazi imekwisha. Nimefanya nyingi.

---

Dada Nati

Kijana, ukishaitoa hiyo umeuza gari safi ukanunua jiko la makaa. Ukikanyaga, aliye nyuma yako anafunga vioo. Nchi nyingi zinakataza kwa sheria, na ukaguzi ukikukuta gari hairudi barabarani. Halafu injini hiyo usafi wake umesukwa pamoja: mgandamizo wao ni 14 kwa 1, chini kuliko dizeli nyingi za rika lake, na kwa ajili hiyo waliweza kutimiza Euro 6, kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi, bila tangi la urea, ile dawa ya kusafishia moshi. Ukichomoa uzi mmoja, Fundi atakwambia nguo inakuwaje.

---

Msafiri wa Alfajiri

Naomba nitetee gari kidogo, maana ninayo. Dizeli hiyo hiyo, ya 2015, na ninaikaribia kilomita 190,000. Naenda kazini kilomita 60, narudi kilomita 60, barabara imenyooka. Mafuta inakunywa kwa adabu. Kuchoma masizi kunafanyika mara moja kwa kilomita 200 na ushee, na kama husikilizi hujui.

Dalili zake ukitaka kuzijua: gari ikiwa imesimama, sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga) inapanda kidogo, kile kijimfumo cha kuzima injini kwenye foleni kinakataa kuzima, na kipimo cha matumizi ya mafuta kinapanda ghafla bila sababu. Ukizima wakati huo, feni inaendelea kuunguruma mbele na unasikia harufu ya chuma cha moto. Siku hizo mimi sizimi. Nazungusha njia ya mbali mpaka itulie. Mke wangu alinishuku kwa miezi miwili, mpaka siku nilipompakia akaenda kusikia mwenyewe.

Giaboksi yake pia ni ya kuisifia. Si CVT, ile ya mkanda isiyo na gia, ni otomatiki ya gia sita za kweli, na ukiendesha unahisi gia imeshika. X-Trail ya rika hilo na Forester zinakuja na CVT. Zipo zinazodumu zikitunzwa na kubadilishwa mafuta yake kwa wakati, ila mimi napenda kusikia gia inabadilika. Kwa uinuko, CX-5 iko milimita 210 kutoka chini, Forester 220. Kwenye shimo hiyo tofauti ya kidole huioni. Forester inashinda kwenye vioo, unaona nje pande zote. CX-5 nyuma ni kipofu kidogo, kamera ya kurudi nyuma ihakikishe inafanya kazi.

Nikirudi kwako Fundi: ukiweza kuitoa barabara kuu nusu saa kila wiki, mwendo wa 80 hivi bila kusimamasimama, unaweza kuishi nayo.

---

Fundi Vyerehani

Ahsanteni sana. Nimekwenda leo.

Nilimwomba mwalimu asiiguse mpaka nifike. Nimefika kumi na mbili na robo, umande bado umeganda kwenye boneti, nikaweka kiganja: baridi. Safari ya kwanza nilipoijaribu boneti ilikuwa vuguvugu na sikulitilia maanani. Naona haya kulisema, maana mteja akiniletea mashine "iliyokuwa inafanya kazi hadi jana" jambo la kwanza ninalogusa ni mota.

Nikachomoa dipstiki, nikaifuta, nikairudisha, nikachomoa tena. Oili imepita F. Haijafika X, iko kama katikati ya hizo mbili. Nyeusi, lakini weusi haunitishi, oili ya dizeli inaweza kuwa nyeusi wiki moja baada ya kubadilishwa. Kilichonishtua ni vidole. Nimeshika oili maisha yangu yote. Oili ya cherehani ni nyepesi kama maji yenye adabu, ya injini ina mwili, ukiisugua kati ya gumba na shahada inakataa kidogo kabla ya kuachia. Hii haikukataa. Ilikuwa inaelekea kwenye oili ya cherehani. Nikanusa, dizeli.

Nikachana karatasi kwenye kitabu cha stakabadhi, nikadondosha tone moja, nikaiweka juu ya ukuta tukawa tunanywa chai. Katikati limebaki doa jeusi, pembeni ukajitokeza mviringo wa rangi ya chai hafifu, unaendelea kutanuka mpaka ukafika kwenye mstari wa "jumla". Mwalimu akauliza kama hicho ni kipimo cha kitaalamu. Nikamwambia mimi nakitumia kujua kama mteja amechanganya oili na mafuta ya taa.

Nikamuuliza umbali wa shule. Kilomita mbili. Anakwenda, anarudi mchana kula, anakwenda tena, anarudi jioni. Jumapili ibadani, jirani tu. Kisha akaniambia kwa fahari, na mtu yule hana hila hata chembe: "Tena gari hii ina sifa moja, oili yake haijawahi kupungua hata siku moja. Miaka minne sijawahi kuongeza."

Sikujua niangalie wapi.

Nikamweleza kama Dada Nati alivyonieleza. Akanyamaza, akaenda ndani, akarudi na kitabu cha sevisi. Oili imebadilishwa kila baada ya kilomita 10,000 kama saa. Kwa mwendo wake, kilomita 10,000 ni miaka kadhaa. Mtu ametunza gari kwa utaratibu wote aliofundishwa, na utaratibu ndio uliompoteza.

Sasa nawauliza: hii imekufa, au ni ya kuoshwa tu?

---

Dada Nati

Haijafa. Kwanza, mwambie mwalimu aimwage oili hiyo wiki hii, auze asiuze. Oili iliyochanganyika na dizeli hailindi beringi, na injini hii inatumia taimingi cheni ambayo inaishi humo humo kwenye oili, pamoja na tabo (turbo) mbili za kusukuma hewa zinazozunguka kwa kasi ya kutisha. Anaweka C3 au DL-1, lita 5 na kidogo pamoja na filta.

Pili, ipimwe kwa kompyuta. Si kusoma taa tu. Mwambie fundi akuonyeshe tofauti ya presha kabla na baada ya DPF, kiasi cha masizi kinachokadiriwa, na umbali tangu kuchoma kwa mwisho kulikokamilika. Ukiona inachoma kila kilomita 60 au 80, chujio halipati nafasi. Aangalie pia marekebisho ya nozeli za kupulizia mafuta, na kama inawezekana afungue bomba la hewa aone masizi yaliyoganda kwenye njia ya kuingizia hewa. Moshi unaorudishwa ndani ukikutana na mvuke wa oili unatengeneza kitu kama lami. Kuna gari njia hiyo imebaki tundu la kupitisha kidole tu.

Tatu, namba ya chasi. Ikague kwenye kumbukumbu za mtengenezaji ujue kama kuna marekebisho ilitakiwa kuitiwa na haikupelekwa. Dizeli ya nne kwa nne ya toleo hilo namba yake inaanza na KE2AW.

Lakini sikiliza. Hata vipimo vyote vikitoka vizuri, gari itahama kwa mtu wa kilomita mbili kwenda kwa mtu wa kilomita tatu.

---

Mzee wa Mteremko

Dada amemaliza. Mimi naishi mlimani juu, kila safari yangu injini inachemka, ndiyo maana nikaongea kwa mdomo mpana. Samahani Fundi.

---

Msafiri wa Alfajiri

Ile ya nusu saa kila wiki bado ipo, lakini. Watu wanafanya.

---

Fundi Vyerehani

Msafiri, nimelifikiria usiku mzima. Nusu saa kila wiki bila mteja, bila mzigo, naiendesha gari kwa ajili ya afya yake kama mgonjwa aliyeambiwa na daktari atembee. Najijua. Wiki ya kwanza nitakwenda, ya pili nitakwenda na mama, ya tatu ovaloki ya mtu itakuwa imekwama usiku wa kuamkia harusi na sitakwenda. Chombo kinachotaka niwe mtu mwingine ndipo kidumu, nimeshawauzia wateja wengi nikarudi kukitengeneza.

Nimempigia mwalimu, nimemwambia naiacha. Hakukasirika. Amesema atamwuliza mpwa wake anayesafirisha samaki masafa marefu. Huko gari itapona, nadhani, baada ya kuoshwa.

Sasa kilichobaki ni mama. Nimemwambia gari haifai. Akaniuliza, "Kiti hakifai au injini haifai?" Nikasema injini. "Basi tafuta kiti hicho hicho chenye injini nyingine." Ameshafunga mjadala. Je, petroli ya 2.0 ya umbo hilo hilo inafaa kwa safari zangu? Au nayo ina lake?

---

Dada Nati

Mama ana akili kuliko sisi sote hapa.

Nayo ina lake, gari zote zina lake, ila hili ni la kusamehe. Haina DPF. Haichomi masizi, haipulizi mafuta ya ziada kwa kuchelewa. Safari fupi sana hata petroli haizipendi, oili inapata unyevu, kwa hiyo usifuate kilomita peke yake. Badilisha kila miezi sita hata kama hujamaliza kilomita zake. Mafuta yanapulizwa moja kwa moja kwenye silinda, na kwa sababu hiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli, zinajijengea kaboni pole pole. Ukiona sailensa inatetemeka huko mbele ya safari, anza kuangalia hapo.

Utaikosa ile kusukumwa kitini, nikuambie mapema. Kwenye mlima na mashine nne nyuma, 2.0 utaisikia inapanda mzunguko na kulalamika. Kuna 2.5 yenye torki 250, ni ya katikati vizuri, lakini inakunywa zaidi kwa mizunguko ya kusimamasimama. Kwa mizigo yako mimi ningechukua 2.0, tena ya kuvuta tairi za mbele tu kama njia zako hazina tope. Propela ya nyuma ni uzito na mafuta ya kubadilisha bila sababu. Chasi ya hiyo inaanza na KEEFW.

Jambo moja watu wanalisahau: kama ina ule mfumo wa kujizima kwenye foleni, betri yake si ya kawaida. Imetengenezewa kuwashwa mara nyingi. Mtu akikuwekea betri ya kawaida, mfumo utagoma na betri itakufa mapema. Angalia imeandikwa Q-85 au sawa yake.

---

Kijana wa Garaji

Na tairi. Zenye rimu 19 ni nzuri kwa picha. Tafuta yenye rimu 17, 225/65, ina nyama ya kutosha pembeni, magoti ya mama yatakushukuru kwenye mashimo.

---

Fundi Vyerehani

Hilo la tairi, Kijana, nimelichukua.

Nimepata moja ya petroli, 2.0, ya 2013, rimu 17, kilomita zaidi ya ile, 121,000, rangi ya kijivu isiyo na sifa yoyote. Mwenye nayo nimemwambia asiiwashe mpaka nifike kesho asubuhi. Akaniuliza kwa nini, nikasema nina mazoea yangu. Nakwenda na mama na kitabu cha stakabadhi.

Dada Nati, la mwisho, ili nikichomoa dipstiki nijue natafuta nini: humo inakwenda oili gani, na lita ngapi?

---

Dada Nati

0W-20. Lita 4.2 na filta. Hii ni nyepesi kwa asili yake, kwa hiyo vidole visikudanganye. Nusa.